Mashahidi Ndani ya Mabano

Miongoni mwa sanaa ndogo za kalamu ambazo husifiwa kwa nadra, iko moja niionayo kuwa na daraja kubwa: sanaa ya kuwakusanya waandishi kadha wa kadha ndani ya mabano, mwishoni mwa sentensi moja, kila mmoja na mwaka wake, wakitengwa kwa nukta mkato, ili washuhudie pamoja jambo ambalo mwandishi hathubutu kulidai kwa kinywa chake peke yake. Msomaji mwenye haraka huyaruka mabano hayo; walakini mwenye kutafuta maarifa hutua hapo hapo, kwani hapo ndipo panapojulikana kama mwandishi amesoma au amesikia tu.

Nitoe mfano wa Singida. Mnamo mwaka 1915 Eberhard von Sick, ofisa wa jeshi la Wajerumani, alichapishiwa maelezo marefu juu ya Wanyaturu, na katika anwani yake akaliweka pia jina la Walimi. Mwaka 1964 Howard Olson, mmisionari wa Kilutheri, alitoa uchambuzi wa sauti na maumbo ya maneno ya lugha yao, akaiita Kirimi. Mwaka 1970 Harold Schneider, mwanaanthropolojia wa Marekani, alitoa kitabu juu ya uchumi wa Wahi, tawi mojawapo la watu hao, akieleza jinsi samadi ya ng'ombe irutubishavyo shamba la nafaka, na jinsi nafaka hiyo igeukavyo kuwa mifugo kwa mabadilishano. Na mwaka 1978 kikatoka kitabu cha Marguerite Jellicoe juu ya mabadiliko ya jamii ya Wahi hao hao.

Mtu akitaka kusema kwamba Wanyaturu wameandikwa na wageni wa namna mbalimbali, mabano yake na yawe na majina yote manne. Lakini akisema kwamba Wanyaturu wana jina jingine, na kwamba Wahi hutegemea nafaka na mifugo, kisha akawarundika wote wanne penye nukta ya mwisho, amemdhulumu msomaji, maana hakumwonyesha nani kashuhudia lipi. Insafu ni kuyapasua mabano: Sick na Olson wakae pale jina litajwapo, katikati ya sentensi, na Schneider angoje mpaka zamu ya ng'ombe ifike. Sentensi itapoteza kidogo ulaini wake, nami naridhia hasara hiyo.

Ipo pia kadhia ya mpangilio. Mtindo wa wanasaikolojia wa Marekani, ambao vyuo vyetu vingi hufundisha, huamuru alfabeti, na kwa amri hiyo Jellicoe hutangulia, akafuatwa na Olson, kisha Schneider, na Sick akawa wa mwisho. Ukifuata miaka, Sick hutangulia na Jellicoe hufunga safu, na msomaji huona maarifa yakirithishana mkono kwa mkono tangu enzi ya Wajerumani hadi Tanzania huru. Mimi, penye hiari, huchagua miaka.

Wanazuoni wa hadithi za Mtume waliijua sanaa hii ya kuwakusanya mashahidi karne nyingi kabla ya vyuo vyetu. Hadithi waliyoiita mutawatiri ni ile iliyopokewa na wapokezi wengi katika kila tabaka, kiasi kwamba haiyumkiniki wawe wameafikiana kuzua uongo. Wingi peke yake haukuwatosha. Walitaka wapokezi wasiotegemeana. Basi iwapo Jellicoe, katika nukta fulani, amelichukua neno kwa Schneider, majina ni mawili ilhali shahidi ni mmoja, na mabano hayana budi kuukiri ukweli huo.

Nami niliwahi kukosa. Katika tasnifu yangu ya ujanani nilimtaja Sick pamoja na wenzake, hali sijui hata sentensi moja ya Kijerumani. Mwalimu wangu aliweka kidole juu ya jina lile akaniuliza, kwa upole, alisema nini hasa na katika ukurasa gani. Nilinyamaza. Siku ile nililifuta jina, na tangu hapo siliandiki jina la mtu ambaye sijaufungua ukurasa wake.

Lakini wote wanne waliyapata mengi ya waliyoyaandika kwa wazee wa Singida, ambao majina yao hayamo ndani ya mabano yoyote. Kwa hiyo nakuomba, ewe kijana uandikaye leo habari za Singida, umwendee mzee angali hai, umsikilize, na akiridhia uliandike jina lake, kijiji chake na tarehe ya mazungumzo yenu, kisha utie nukta mkato, kisha ndipo umwandike Jellicoe, 1978.