Mlima Kabla ya Picha: Krapf, Kivoi na Mandhari ya Ukambani

Picha za wasafiri wa karne ya 19 katika Afrika ya Mashariki aghalabu hushutumiwa kwamba zilimfuta mwenyeji. Shutuma hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. James Augustus Grant, aliyesafiri na John Hanning Speke kati ya 1860 na 1863, alichora kwa rangi za maji mandhari na watu vilevile, na michoro yake ilikuwa msingi wa picha nyingi katika kitabu cha Speke cha 1863. Tatizo limo katika fani yenyewe. Mchoro wa mandhari humweka mtazamaji pale aliposimama mchoraji. Haumwonyeshi aliyemfikisha hapo, wala hauhifadhi maneno aliyoambiwa njiani.

Ukambani unatoa mfano wa kulinganisha. Johann Ludwig Krapf, mmishenari wa CMS, aliondoka Rabai mnamo Novemba 1849 bila ya kuandamana na mchoraji. Alivuka nyika ya Tsavo, akapitia Kikumbulyu katika Makueni ya leo, akafika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu. Tarehe 3 Desemba, mawingu yalipofunguka, aliuona mlima ambao jina lake aliliandika Kegnia, kwa kufuata tamko la Wakamba.

Katika masimulizi yake, yaliyochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1858, jicho halitangulii. Kivoi alikwisha kumweleza habari za mlima huo na weupe ulioko kileleni. Msuko wa tukio basi ni huu: habari, kungoja, mawingu, na hatimaye kuona. Taharuki yote inategemea kauli ya Kivoi. Macho ya Krapf yanathibitisha tu yale ambayo masikio yamekwisha kupokea. Kinyume chake ni msimamo wa mwanajiografia W. D. Cooley wa London, ambaye hakusadiki kuwa kuna theluji karibu na ikweta. Joseph Thomson alipouona mlima huo mwaka 1883, ushahidi uliohesabiwa ulikuwa wa Mzungu mwingine. Ushahidi wa Kivoi haukuhesabiwa.

Haimaanishi kwamba maandishi hayana hatia. Kivoi anasema kwa kalamu ya Krapf, na wapagazi wengi hawatajwi kwa majina. Hata hivyo, maandishi yanamwezesha mhakiki kumhoji Kivoi kama mhusika mwenye malengo yake: biashara, heshima, na njia ya kuelekea mto Tana. Katika safari ya kuelekea mto huo, mwaka 1851, ndipo alipouawa, na Krapf akanusurika kwa taabu. Picha ya kilele, hata iwe nzuri namna gani, isingebeba lolote kati ya hayo.

Kwa hiyo, uhakiki wa picha za safari hauna budi kuanza nje ya fremu: nani alionyesha kwa kidole, kwa lugha gani, na kwa faida ya nani? Mwaka 1850 Krapf alichapisha msamiati wa lugha sita za Afrika ya Mashariki, Kikamba na Kiswahili zikiwamo. Msamiati huo unastahili kusomwa kando ya michoro ya akina Grant, kwani mandhari yalikuwa na majina kabla ya kupakwa rangi.