Daftari la Dunia la Dawa za Kulevya: Uhakiki wa Hesabu na Maneno Yake

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika zama zetu hizi hata mali ya haramu imewekewa daftari. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu, UNODC, iliyoundwa mwaka 1997 na yenye makao yake Vienna, hutoa kila mwaka Ripoti ya Dunia ya Dawa za Kulevya. Pamoja na ripoti hiyo, Ofisi hutunza katika intaneti jukwaa la takwimu ambalo mtu ye yote aweza kulifungua: majedwali ya kilo na tani, na ramani zionyeshazo mahali shehena zilipokamatwa.

Huenda msomaji akauliza: jarida la walimu wa Kiswahili lina haja gani na hesabu za polisi? Jibu letu ni kwamba daftari hilo ni maandishi, na maandishi yo yote yasomwayo na watu wengi yastahili kuhakikiwa. Magazeti huyanukuu, wanafunzi wetu huyatumia katika insha na midahalo. Zaidi ya hayo, habari nyingi zihusuzo pande zetu hutamkwa kwanza kwa Kiswahili, mpakani au forodhani, kabla hazijageuzwa kuwa tarakimu katika lugha ya kigeni. Kwa hiyo tutalitazama daftari hili kama tutazamavyo kitabu: kwanza maudhui yake, kisha lugha yake, na mwisho namna linavyotunzwa.

Maudhui

Msingi wa daftari ni mikataba mitatu ya kimataifa, ya mwaka 1961, 1971 na 1988. Nchi zilizoridhia mikataba hiyo zimejifunga kupeleka taarifa. Kila mwaka hojaji hutumwa kwa serikali, nazo hutakiwa kujibu ni dawa gani zilizokamatwa na kwa kiasi gani. Kando ya majibu hayo yamo matukio ya ukamataji yaliyoandikwa moja moja, na pia upimaji wa mashamba ya mipopi unaofanywa kwa picha za setilaiti. Katika ramani, habari rasmi huunganishwa na zile zilizotangazwa hadharani.

Ni haki kutaja kwanza sifa. Mwezi wa Aprili 2022 watawala wa Afghanistan walipiga marufuku kilimo cha mipopi. Daftari linaonyesha kwamba mwaka huo zililimwa hekta 233,000, na mwaka 2023 zikabaki hekta 10,800 tu. Yaani kilimo kilipungua kwa asilimia 95. Afyuni iliyovunwa ilishuka kutoka tani 6,200 hadi tani 333, na Myanmar ikawa ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote. Habari kama hii haipatikani kwa uvumi. Hupatikana kwa sababu kuna watu waliopima vivyo hivyo mwaka baada ya mwaka, wakaweka kumbukumbu. Kama hesabu za miaka ya nyuma zisingalitunzwa, ile tarakimu ya 2023 isingalikuwa na maana yo yote.

Lakini shamba ni kitu kimoja na shehena ni kitu kingine. Shamba haliwezi kujificha mbele ya setilaiti, shehena hujificha. Kinachoandikwa juu ya shehena ni kile tu kilichonaswa. Mvuvi anayerudi pwani na samaki kumi hajatuambia kwamba bahari ina samaki kumi. Ametuambia habari za wavu wake, za saa alizokesha na mahali alipotega. Ndivyo zilivyo hesabu za ukamataji. Nchi ikiongeza askari na mbwa wa kunusa bandarini, kilo zitapanda hata kama biashara imepungua. Ikiwaondoa, kilo zitashuka, na mtu asiyejua atashangilia.

Tuchukue mfano wa bahari yetu. Mwezi wa Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilisimamisha jahazi kiasi cha maili 27 za baharini mashariki ya Mombasa, na kukuta heroini kilo 1,032 iliyofichwa katikati ya mifuko ya saruji. Mahali hapo ni nje ya maili 12 za maji ya himaya ya Kenya. Meli zilizomo katika ushirika huo wa kijeshi, wenye makao yake Bahrain, zilizoea kuharibu shehena palepale baharini na kuwaachia mabaharia waende zao. Hapakuwa na mahakama wala jalada la kesi. Basi, kilo hizo 1,032 ziandikwe katika mstari wa nchi gani? Ya Australia, ambayo jahazi halikuwa likielekea kwake? Ya Kenya, ambayo haikukamata? Tarakimu moja ya namna hii, ikiwekwa katika mstari huu au ule, yatosha kubadili sura ya nchi nzima kwa mwaka mzima.

Kinyume chake kuna ukimya. UNODC yenyewe imeeleza mara nyingi kwamba majibu ya hojaji kutoka Afrika ni machache na yana mapengo. Sehemu iliyoachwa nyeupe katika ramani si lazima iwe nchi safi. Yawezekana kabisa kuwa ni nchi isiyojibu. Nayo nchi yenye nukta nyingi si lazima iwe nchi ovu. Pengine ndiyo inayofanya kazi na kusema kweli. Hapa ndipo hatari kubwa ilipo: mkweli huaibishwa na ukweli wake, na aliyenyamaza hupata sifa njema.

Tena kuna mabadiliko ya sheria. Miraa haimo katika orodha ya mimea inayodhibitiwa na mikataba ya kimataifa. Mpaka Juni 2014 vifurushi vya miraa viliingia Uingereza kwa ndege kama mboga. Baada ya marufuku ya mwezi huo, vifurushi vilevile vikawa vya kukamatwa. Nchini Uganda, Sheria ya mwaka 2015 iliyodhibiti dawa za kulevya, miraa ikiwamo, ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba Mei 2023 kwa sababu ya akidi ya Bunge, kisha Bunge likapitisha nyingine mwaka huohuo. Mmea haukubadilika. Kilichobadilika ni kalamu ya mtunga sheria, na jedwali lisilotaja habari hiyo kando ya tarakimu zake humdanganya msomaji bila kusema uwongo.

Lugha

Katika uwanja wa lugha tunaona kwamba jambo zito kuliko yote limebebwa na kirejeshi kidogo. Linganisha sentensi hizi mbili: "Heroini iliyokamatwa imeongezeka" na "Heroini imeongezeka." Daftari laweza kuthibitisha ile ya kwanza tu. Lakini habari inapotoka katika jedwali kwenda katika kichwa cha habari gazetini, neno "iliyokamatwa" ndilo la kwanza kudondoshwa, kwa kuwa ni refu na nafasi ni finyu. Mwanafunzi husoma, hunakili, na kutoka hapo huamini kwamba kiasi kilichokamatwa ndicho kiasi kilichopita. Kosa hili si la hesabu; ni la sarufi, na kulisahihisha ni kazi yetu.

Majina nayo yana mitego yake. "Unga" mtaani huweza kuwa heroini, na huweza kuwa kokeini. Mwandishi wa taarifa akigeuza neno hilo kwa haraka, amekwisha amua jambo ambalo ni mkemia peke yake awezaye kuliamua. Vipimo ni vivyo hivyo: kete, msokoto, puli, gunia. Haya ni maneno hai na yenye maana mahali pake, lakini kete haina uzito mmoja kila mahali. Mtu akibadili kete mia kuwa gramu, atakuwa amekisia, na kisio hilo likiisha andikwa kwa tarakimu huvaa vazi la uhakika.

Hata majina ya mahali yahitaji uangalifu. Busia ni mji wa Kenya, na Busia ni mji wa Uganda; Malaba vivyo hivyo. Kongo ni nchi mbili ambazo miji yake mikuu hutazamana ng'ambo na ng'ambo ya mto mmoja. Mwenye kupanga nukta katika ramani akiwa mbali aweza kuvusha shehena mpaka kwa kosa la herufi.

Tukumbuke pia historia ya maneno yetu wenyewe. Wanafunzi wanalijua neno "kasumba" kwa maana ya fikra mbaya zilizopandikizwa, hasa kasumba za kikoloni; wachache wanajua kwamba kasumba ni afyuni. "Ulanguzi," ambao Kenya ni neno la kawaida kwa biashara hii, Tanzania ya mwaka 1983 ulikuwa kosa la waliouza sabuni na sukari kwa bei ya kuruka. Na mjadala wa "dawa za kulevya" au "madawa ya kulevya" bado unaendelea madarasani, ijapokuwa sheria na mamlaka ya Tanzania hutumia "dawa." Sisi tunaunga mkono "dawa," maana hospitalini mofini ni dawa kwelikweli; ubaya umo katika matumizi, na kiambishi "ma-" hakiwezi kuuponya.

Matunzo

Methali yatukumbusha kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Jukwaa la takwimu halielei lenyewe. Taarifa ya kwanza husema "inashukiwa kuwa heroini". Majuma yakipita, maabara huweza kusema kuwa ni kitu kingine. Mtunzaji asiporudi kusahihisha mstari ule, dhana hubaki milele kama tukio. Shehena moja iliyotangazwa na polisi, kisha na forodha, kisha na gazeti, huweza kuhesabiwa mara tatu. Kazi ya kurudi nyuma na kufuta haina fahari na haipigwi picha, lakini ndiyo nusu ya thamani ya daftari.

Hapo kuna suala la fedha. Sehemu kubwa kabisa ya fedha za UNODC ni michango ya hiari, ambayo mara nyingi wafadhili wameitengea kazi maalumu. Mpango wa Mapatano ya Paris, ulioanzishwa mwaka 2003, ulitokana na wasiwasi juu ya heroini ya Afghanistan iliyokuwa ikifika Ulaya. Si ajabu basi kwamba mwambao wetu huonekana katika maandishi haya kama "njia ya kusini": mstari utokao pwani ya Makran, katika mpaka wa Iran na Pakistan, ukapita kwetu kwenda kwingine. Lakini njia hii ina watu wanaoishi kandoni mwake. Mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwatibu kwa methadoni watu waliozoea heroini. Watu hao si wapitaji. Ni wana wa majumbani mwetu, na wengine walikuwa wanafunzi wetu. Katika jedwali la kilo hawaonekani, kwa sababu kilo iliyowafikia ndiyo ile ambayo haikukamatwa.

Hitimisho

Hukumu yetu ni kwamba daftari hili ni kazi ya lazima na ya heshima. Dunia isiyokuwa nalo ingalikuwa kipofu. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba tarakimu husafiri haraka kuliko maelezo yake. Tungependa kila jedwali libebe katika ukurasa uleule habari za nani aliyejibu, nani aliyenyamaza, sheria gani iliyobadilika na lini mstari uliposahihishwa.

Kwa upande wetu walimu, hatuna budi kufanya yaliyo katika uwezo wetu. Tukubaliane maana za maneno kama unga, kete na ulanguzi katika faharasa moja itakayofaa pande zote za mipaka yetu. Na darasani, mwanafunzi anapoandika kwamba dawa za kulevya zimeongezeka, tumwulize: zilizolimwa, zilizokamatwa, au zilizotumiwa? Asipoweza kujibu, arudi kwenye jedwali kabla hajaendelea na insha yake.