Mshono wa Kukingama

Juni 1956 madaktari wa jeshi la Marekani walimpasua tumbo Rais Dwight Eisenhower. Ugonjwa wa Crohn ulikuwa umeziba utumbo wake mwembamba. Sehemu iliyoziba hawakuigusa. Waliunganisha utumbo wa juu yake na utumbo mpana, chakula kikapita kando. Akapona, na Novemba akashinda uchaguzi. Kwa mtu aliyepata shambulio la moyo mwaka uliotangulia, upasuaji mfupi ulikuwa uamuzi wa busara. Baadaye njia hiyo iliachwa, maana kipande kilichorukwa hubaki na ugonjwa, na mara nyingine huota saratani.

Basi ondoa kipande? Tatizo ni kwamba Crohn hurudi. Ukikata leo na ukakata tena baadaye, utumbo mwembamba ukishapungua chini ya mita 2 hivi, mgonjwa hula bila kunufaika, na wengine huishia kulishwa kupitia mshipa wa damu.

Ufumbuzi ulitokea India, tena kwa maradhi mengine. Mwaka 1977 Katariya na wenzake walieleza walivyopanua utumbo uliobanwa na makovu ya TB bila kuondoa hata kipande. Emanoel Lee wa Oxford akaijaribu kwa Crohn. Ilitaka moyo, kwani wengi waliamini mshono katika utumbo mgonjwa hautashika. Ulishika.

Kwanza daktari huingiza katheta yenye puto, hulijaza maji hadi upana wa sentimita 2, kisha hulivuta ndani ya utumbo. Linapokwama ndipo penye kazi. Kwa nje pengine hapaonekani. Hapo hupasua ukuta kwa urefu, akipitiliza kidogo hadi palipo pazima, halafu huvuta kingo za katikati huku na huku na kushona kwa kukingama. Utumbo hufupika kidogo, njia ikapanuka. Hufaa zaidi palipobana kwa chini ya sentimita 10. Penye usaha, tundu au shaka ya saratani, kukata hakuepukiki.

Kinachonishangaza ni kwamba palipopanuliwa mara nyingi hutulia, na ugonjwa ukirudi huzuka kwingine. Huenda chakula kilichotuama ndicho kilichokuwa kikiuchochea.

Kabla ya kufunga mshono, kipande kidogo cha nyama hupelekwa maabara. Katika nchi zenye TB nyingi kama zetu hapo hapana mzaha: kwa macho magonjwa haya mawili hufanana, na dawa za Crohn, kwa kuwa hushusha kinga, huiachia TB isambae.