Ufundi wa Kukifufua Kichwa cha Treni Ndogo

Kichwa cha treni ndogo ya umeme kinaposimama ghafla, chanzo huwa kidogo mno kikilinganishwa na fadhaa ya mwenye nacho: uzi wa zulia uliojizungusha kwenye ekseli, grisi iliyoganda, waya mwembamba uliokatika ndani ya ganda lake. Wanaosifiwa katika ulimwengu wa treni hizi ni wajenzi wa milima na stesheni, na wale wanaopaka mabehewa rangi hadi yaonekane yamechakaa kwa safari. Fundi wa kutafuta hitilafu hukumbukwa siku kitu kimegoma. Ila kazi yake ina uzuri wake, nao unaonekana katika jambo moja: bisibisi ni chombo anachokishika baadaye sana, baada ya kutazama, kusikiliza na kuuliza.

Anachokifuata ni njia ya umeme. Treni nyingi za vipimo vya HO, OO na N hutumia reli mbili, moja ikipeleka umeme na nyingine ikiurudisha. HO ni sehemu moja ya 87 ya treni halisi na OO ya Uingereza ni moja ya 76, lakini zote mbili hutembea kwenye reli zilizoachana milimita 16.5; N kwa kawaida ni moja ya 160, na reli zake zimeachana milimita 9. Katika mfumo wa kawaida wa mkondo mnyoofu, umeme wa volti zisizozidi 12 hivi hutoka kwenye kidhibiti, hupita relini, hupanda magurudumuni, huchukuliwa na vibanzi vyembamba vya shaba vinavyojikuna kwenye magurudumu hayo, huingia kwenye mota kupitia brashi za kaboni, kisha hurudi kwa upande wa pili. Ukihesabu vizuri, njia hiyo imejaa mahali ambapo kitu kinagusa kitu bila kushikamana nacho. Hapo ndipo hitilafu nyingi huzaliwa. Reli na magurudumu ni imara. Mguso kati yake ndio dhaifu. Treni za HO za Märklin, kampuni ya Göppingen nchini Ujerumani, zina mpangilio tofauti: umeme huingia kwa vichomozo vidogo vilivyo katikati ya mataruma na kuchukuliwa na kiatu kirefu chini ya kichwa. Fundi wake huanza kwa kukigeuza kichwa na kukitazama kiatu.

Swali la kwanza ni kama mgonjwa ni kichwa au reli, na jibu lake halihitaji kufungua chochote. Kichwa kingine kilicho kizima huwekwa mahali palepale. Nacho kikikataa, cha kwanza hakina kosa. Uchunguzi unahamia kwenye viunganishi vya reli vilivyolegea, kwenye waya uliochomoka chini ya meza, au kwenye kidhibiti chenyewe, ambacho hujikata kikikutana na shoti. Skrubu moja iliyodondoka na kulala juu ya reli mbili, au behewa lililoacha njia, inatosha kuzima uwanja mzima. Kichwa kinachokufa kila mara mahali pamoja, hasa pale reli zinapogawanyika, kinalalamikia mahali hapo. Katika aina nyingi za magawanyiko hayo, umeme hupita kwa ulimi wa reli kuegemea reli ya pembeni, na punje ya mchanga huuzuia. Katika nyingine, katikati ya makutano pana kipande cha plastiki kisichopitisha umeme, na kichwa kifupi chenye magurudumu machache hukwama juu yake hata kama kila kitu ni kizima.

Ikithibitika kwamba tatizo limo ndani ya kichwa, masikio hutangulia mikono. Kimya kitupu kinaeleza jambo moja na mngurumo wa mota usiosogeza magurudumu unaeleza jingine kabisa. Kichwa kilichonyamaza lakini taa zake zinawaka kimekwisha kuonyesha kwamba umeme unaingia na unapotelea karibu na mota. Kisichowaka wala kulia, lakini kikashtuka na kuondoka kinapobonyezwa kidogo kwa kidole, kina uchafu kwenye magurudumu au kibanzi kilichopinda kisichogusa. Mota inayovuma huku magurudumu yametulia inaelekeza kwenye gia. Gia za nailoni zinazobanwa kwenye ekseli za chuma huja kupasuka baada ya miaka, na ufa mwembamba kama unywele hutosha kuiacha ekseli izunguke peke yake. Zipo pia zinazopasuka zikaendelea kufanya kazi, zikitoa mlio mmoja mkavu kila mzunguko, mpaka ufa unapanuka na jino kukwama. Hapo umeme ukatwe mara moja. Mota inayozunguka huzaa umeme wake unaoupinga ule unaoingia. Ikizuiwa kuzunguka, upinzani huo hutoweka, mkondo huongezeka, na koili zinaweza kuungua huku mwenyewe akiendelea kuzungusha kitasa akidhani anasaidia.

Usafi ndio dawa ya nusu ya maradhi haya, ingawa usafi mbaya huongeza ugonjwa. Reli nyingi za kisasa ni za aloi ya shaba, nikeli na zinki. Cheche ndogo kati ya gurudumu na reli huacha utando mweusi, na utando huo huzaa cheche nyingine. Kitambaa kilicholowa spiriti ya isopropili huutoa bila kuumiza chuma. Msasa mkali huacha mikwaruzo ambamo uchafu mpya hujificha, na sufi ya chuma ni balaa zaidi: nyuzi zake huvutwa na sumaku ya mota na kuleta shoti. Magurudumu husafishwa kichwa kikiwa kimelazwa chali juu ya sponji, nyaya mbili kutoka kwenye kidhibiti zikiyagusa ili yazunguke yenyewe chini ya kijiti cha pamba. Gurudumu lililovikwa raba ya kuongeza mvuto halipelekewi waya, kwa kuwa raba haipitishi umeme. Anayelisahau hilo huweza kutangaza kifo cha mota iliyo hai.

Ndipo bodi hufunguliwa. Ndani, komyuteta ya mota, pale brashi zinapogusa, inapaswa kuonyesha rangi ya shaba, na nafasi kati ya vipande vyake iwe wazi. Mara nyingi hukutwa imepakwa tope jeusi kama masizi ya sufuria: unga wa kaboni kutoka kwenye brashi uliochanganyika na mafuta. Mafuta hayo hayakufika huko yenyewe. Mtu aliyadondosha kwa wema, akiamini kwamba mashine inayogoma ina kiu. Mafuta kupita kiasi yameziua mota nyingi. Kipimo sahihi kwenye beringi ni kiasi kinachobaki kwenye ncha ya sindano. Komyuteta hufutwa kwa spiriti, nafasi zake zikachokolewa kwa kijiti cha meno, na brashi zilizokwisha hubadilishwa pamoja na springi zake ikiwa joto limezilegeza.

Kwa vichwa vya zamani kuna ugonjwa usio na tiba. Baadhi ya vyuma vya aloi ya zinki vilivyomiminwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia vilichanganyika na risasi kidogo, na uchafu huo hukila chuma kutoka ndani. Chasi huvimba, hupinda, hubana ekseli, mwishowe humeguka vipande. Fundi mwenye busara hailazimishi. Hutafuta chasi nyingine.

Mfumo wa kidijitali umeongeza mtuhumiwa mwingine. Katika DCC, uliotokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani na kuwekewa viwango na chama cha NMRA cha Marekani katika miaka ya 1990, umeme hubaki relini muda wote pamoja na amri, na dikoda ndani ya kila kichwa husikiliza namba yake tu. Shoti inaweza kuvuruga kumbukumbu ya dikoda hata isitambue jina lake. Kichwa huitwa kwa namba 3, ambayo ndiyo ya kiwandani, na kisipoitika, dikoda nyingi hurejeshwa mwanzo kwa kuandika thamani 8 kwenye CV8, mojawapo ya nafasi za mipangilio yake. Ikishindikana, dikoda huchomolewa, plagi ya kuziba pengo ikawekwa, na kichwa kikajaribiwa kwa mkondo mnyoofu wa kawaida. Kikitembea, lawama ni ya dikoda.

Kesi tamu kuliko zote, kwa fundi anayeipenda kazi yake, ni ya kichwa kinachokwenda vizuri kwenye reli iliyonyooka na kufa kwenye kona. Mezani hakionyeshi dalili yoyote. Maltimita iliyowekwa upande wa kupima mwendelezo, ncha moja kwenye gurudumu na nyingine kwenye mota, hulia bila kusita. Lakini seti ya magurudumu ikigeuzwa polepole kwa kidole, mlio hukatika katika pembe fulani na kurudi. Waya umekatika ndani ya ganda, pale unapokunjwa kila kona. Hubadilishwa kwa waya laini wenye urefu wa ziada kidogo, na lehemu iwekwe haraka ili joto lisiyeyushe plastiki iliyo jirani.

Baada ya kufungwa, kichwa huzungushwa bila mzigo kwa takriban nusu saa kwenda mbele na muda kama huo kurudi nyuma, kisha hupewa mabehewa na kupitishwa kwenye kona kali na kwenye magawanyiko ya reli, kwa mwendo wa polepole kabisa, kwa kuwa kasi huficha mguso mbaya. Kilichogunduliwa na tarehe yake huandikwa kwenye karatasi inayowekwa ndani ya boksi la kichwa hicho.