Mfuko wa Taka Umeanguka au Ameanguka? Vizazi vya Pokémon na Somo la Upatanisho

Baadhi ya wanafunzi wanaotoka Bugoye, Kasese na Bwera hucheza Pokémon katika simu zao, na ubishi wao hauishi: ni kizazi kipi cha mchezo huo kilicho bora? Makala haya yanapima jibu linalotolewa mara nyingi, kwamba kizazi cha kwanza ndicho bora kwa kuwa viumbe wake walikuwa wanyama wa kueleweka, na kwamba cha tano ndicho kilichoishiwa ubunifu.

Kizazi cha kwanza kilitoka Japani mwezi Februari 1996 kikiwa na viumbe 151. Mbunifu wake, Satoshi Tajiri, alikuwa akikusanya wadudu utotoni, na mchezaji naye hufanya vivyo hivyo: hutafuta, hukamata, hufuga na hupambanisha. Vizazi vilivyofuata viliongeza viumbe 100 (1999), 135 (2002) na 107 (2006). Cha tano, mwaka 2010, kilileta 156, wengi kuliko kizazi kingine chochote, na mchezaji hawezi kuwakamata wale wa zamani mpaka hadithi kuu iishe. Humo ndimo alimotokea Vanillite, mwenye umbo la aiskrimu, na Trubbish, ambaye ni mfuko wa taka. Wachezaji wengi wa zamani walicheka.

Kicheko hicho si cha haki. Kizazi cha kwanza chenyewe kina Voltorb, ambaye ni mpira, na Grimer, ambaye ni rundo la uchafu. Hata majina hayakuwa bora yote. Pikachu ni jina zuri, limeundwa kwa tanakali sauti mbili za Kijapani: ya mwanga unaometa na ya mlio wa panya. Lakini Ekans ni neno la Kiingereza la nyoka lililosomwa kinyumenyume tu!

Sarufi ya Kiswahili inatusaidia kuona tofauti iliyo kubwa zaidi. Tunasema, "Mfuko wa taka umeanguka." Mfuko huo ukipewa macho na hasira, tutasema, "Mfuko wa Taka ameanguka." Kiambishi kimoja kimebadilika, kutoka u- hadi a-, na kitu kimekuwa mtendaji mwenye uhai. Panya tayari ana upatanisho wa A-WA. Mbunifu hana la kumwongezea hapo. Taka ndiyo inayodai kazi.

Si ajabu, basi, kwamba kizazi hichohicho cha tano ndicho kinachouliza swali zito. N, kijana anayempinga mchezaji, anahoji kama ni haki kuwakamata na kuwapambanisha viumbe hawa. Swali hilo halina maana kwa "kitu". Lina maana kwa "yeye". Katika hadithi yetu ya Sultani Majinuni, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870, paka anakula ndama, kisha watu, mpaka anakuwa nunda. Anawindwa na kuuawa, wala hakuna anayejiuliza upande wake. Kizazi cha kwanza kiko karibu na hadithi hiyo. Cha tano kimepiga hatua.

Hata hivyo, kina dosari. Inabainika kwamba Ghetsis, aliyeko nyuma ya N, alitumia swali hilo ili kujitwalia mamlaka. Mwovu anashindwa, na mchezaji anaendelea kukamata kana kwamba swali lenyewe limejibiwa. Halijajibiwa.

Wafaransa walimbatiza Bulbasaur jina la Bulbizarre, na Wajerumani Bisasam. Kiswahili hakimo katika lugha za mchezo huo, lakini darasa letu halihitaji kusubiri. Mwalimu awape wanafunzi Trubbish wampe jina, kisha watunge sentensi tano. Mwanafunzi wa Bwera, aliyezoea Kiswahili cha mpakani kinachopunguza viambishi vya ngeli, akiandika "Takataka ameamka" na kueleza kwa nini si "zimeamka", atakuwa ameelewa upatanisho kuliko kwa kukariri jedwali.