Omba Daftari, Usiombe Maelezo

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wanakijiji wa Rajasthan, jimbo kame la kaskazini magharibi mwa India, waligundua katika miaka ya 1990 kwamba mali huweza kupotea na daftari lipo: limejazwa safu kwa safu, lina sahihi na mhuri, na limefungiwa kabatini katika ofisi ya baraza la kijiji. Namna walivyolitoa humo na kulisoma hadharani ni somo la ufundi kwa yeyote anayetaka kuomba taarifa halmashauri, kwani sehemu kubwa ya ushindi wao ilitokana na kujua ni karatasi ipi hasa ya kuombwa.

Chanzo kilikuwa ujira. Serikali iliwaajiri vibarua wa vijijini kuchimba malambo na kujenga barabara za udongo, hasa miaka ya ukame, na sheria iliweka kima cha chini cha malipo ya siku. Vibarua wakawa wanapunjwa. Walipolalamika, waliambiwa kwamba kazi yao ilipopimwa haikufika kiwango. Wakaomba waonyeshwe vipimo. Wakajibiwa kuwa hizo ni kumbukumbu za serikali, ni siri. India ilikuwa bado inatumia Sheria ya Siri za Serikali ya mwaka 1923, iliyotungwa enzi za Waingereza. Mei 1, 1990, wakulima na vibarua wa eneo la Bhim waliunda umoja wao, Mazdoor Kisan Shakti Sangathan. Miongoni mwa waanzilishi wake walikuwamo Aruna Roy, aliyekuwa ameacha utumishi wa ngazi ya juu serikalini, pamoja na Nikhil Dey na Shankar Singh.

Karatasi tatu, mikono mitatu

Umoja huo ungeweza kuandika barua kuuliza, "Fedha za barabara yetu zimekwenda wapi?" Swali la namna hiyo humwachia karani uhuru wa kutunga jibu, na jibu la kutungwa haliwezi kuhakikiwa. Wao walidai nyaraka za aina tatu, kila moja ikitoka katika hatua yake ya kazi.

Ya kwanza ni daftari la vibarua: jina, siku alizofanya kazi, kiasi alicholipwa, sahihi au dole gumba. Ya pili ni vocha na ankara za vifaa: nani aliuza mawe na saruji, kiasi gani, kwa bei gani, na nani alipokea. Ya tatu ni daftari la vipimo la mhandisi, linaloeleza urefu, upana na kina cha kazi iliyofanyika na kuidhinisha malipo.

Ukiwa nayo moja tu, una orodha. Ukiwa nazo zote tatu, zinaanza kuulizana. Daftari la vibarua likisema watu arobaini walipasua mawe kwa wiki mbili, vocha zikisema mawe hayo hayo yalinunuliwa yakiwa yamekwisha kupasuliwa, mmoja anadanganya. Kughushi karatasi moja ni rahisi. Kughushi tatu zikubaliane zenyewe kwa zenyewe, kisha zikubaliane na lambo ambalo kila mtu akipita analiona, ni kazi ngumu mno kwa mwizi wa kawaida.

Hatua ya mwisho ilikuwa kuzisoma mbele ya watu wenyewe. Desemba 2, 1994, katika kijiji cha Kot Kirana, umoja huo uliitisha kikao chake cha kwanza cha hadhara. Sheria ya kuwapa nakala haikuwapo bado. Kumbukumbu walizisoma kwa hisani ya maafisa wachache walioliunga mkono jambo hilo. Majina yalisomwa moja baada ya jingine, na aliyetajwa akasimama kusema kama aliifanya kazi hiyo na kama fedha ile ilimfikia. Vikao vingine vilifuata Bhim, Vijaypura, Jawaja na Thana hadi Aprili 1995. Yaliyojitokeza yalikuwa ya aina ile ile: majina ya watu ambao hawakukanyaga eneo la kazi, majina ya marehemu, majengo yaliyoandikwa kuwa yamekamilika ilhali hayajakamilika. Huko Bhim ilionekana kwamba kampuni iliyolipwa kwa kuuza vifaa ilikuwa na jina kwenye karatasi tu.

Hapakuhitajika mkaguzi wa hesabu. Mama asiyejua kusoma hawezi kukagua vocha, lakini anajua kwa uhakika kuwa mwezi ule hakubeba karai hata siku moja.

Kuona na kupewa nakala

Aprili 5, 1995, waziri kiongozi wa jimbo, Bhairon Singh Shekhawat, aliahidi bungeni kwamba wananchi watapewa nakala za kumbukumbu za mabaraza ya vijiji. Mwaka ukapita bila agizo. Aprili 6, 1996, wanachama wa umoja wakaketi chini kudai agizo hilo katika mji wa Beawar na kukaa hapo siku 40.

Serikali ikatoa agizo, na hapa ndipo penye funzo la kiufundi ambalo wengi hulipita. Agizo liliruhusu wananchi kukagua kumbukumbu na kunakili kwa mkono. Nakala ya mashine halikuitaja. Umoja ukalikataa. Maandishi ya mkono ya mwanakijiji hayana uzito polisi wala mahakamani, mtuhumiwa husema, "Umeandika mwenyewe." Nakala iliyopigwa mhuri na ofisi yenyewe humfunga aliyeitoa. Kwa hiyo mabishano yaliyoonekana kuwa ya mashine ya fotokopi yalikuwa ya ushahidi.

Mwaka uliofuata waliketi tena, safari hii Jaipur, makao makuu ya jimbo, kwa siku 53. Julai 1997, naibu waziri kiongozi akatangaza kwamba agizo la kutoa nakala lilikwisha kuchapishwa katika gazeti la serikali miezi sita nyuma. Waliokuwa wakilidai, na hata maafisa wengi, hawakuwa na habari. Agizo la kuondoa siri lilikuwa lenyewe limekaa kwa siri.

Rajasthan ilipata sheria yake mwaka 2000, na India nzima ikapata Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa iliyoanza kutumika kikamilifu Oktoba 12, 2005. Alama za vijiji vile zimo ndani yake. Inamruhusu raia kukagua kazi yenyewe, kupata nakala zilizothibitishwa, na hata kuchukua sampuli ya vifaa vilivyotumika. Jibu linatakiwa ndani ya siku 30, au saa 48 pale uhai au uhuru wa mtu unapohusika. Afisa anayechelewesha bila sababu hutozwa rupia 250 kwa siku hadi 25,000, na fedha hizo hutoka mfukoni mwake mwenyewe.

Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya India, katika kesi ya mitihani kati ya bodi ya elimu ya sekondari na Aditya Bandopadhyay, ilieleza mpaka wa haki hiyo: mamlaka inatoa taarifa iliyopo na inayoishikilia, hailazimiki kukusanya isiyokuwapo, wala kutoa maoni au ushauri. Anayeomba daftari haguswi na mpaka huo. Anayeomba maelezo huweza kuondoka mikono mitupu.

Ombi la huku kwetu

Tanzania ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016, inayotumika Tanzania Bara. Kenya ina ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 na Sheria Na. 31 ya mwaka 2016. Zote mbili zinampa haki raia, na zote zinahusu taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka. Muda wa kujibu ni siku 30 Tanzania na siku 21 Kenya. Sheria ya Kenya inasema wazi kuwa ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili, kwamba kuwasilisha ombi hakulipiwi, na kwamba sababu za mwombaji haziwezi kumnyima haki yake.

Tuchukue mradi ambao karibu kila kata ya Tanzania inao: madarasa ya shule ya msingi yaliyojengwa kwa kutumia mafundi wa hapo hapo badala ya mkandarasi mkubwa. Barua ya kawaida huanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", kisha huingia katika lawama na kumalizia kwa kuomba "ufafanuzi wa matumizi ya fedha". Jibu lake litakuwa sentensi mbili: fedha zilipokelewa, zikatumika kwa mujibu wa taratibu.

Barua yenye meno huwa fupi. Hutaja shule, mradi na mwaka wa fedha, kisha huomba nakala za mchanganuo wa gharama, mkataba wa fundi, hati za malipo pamoja na stakabadhi, hati za kupokea vifaa zilizosainiwa na kamati ya mapokezi, na mihtasari ya vikao vya kamati ya ujenzi na ya manunuzi. Kila kimoja ni kitu kinachoshikika. Karani akisema hakipo, amekiri kwamba fedha zililipwa bila hati, na hilo peke yake ni taarifa nzito.

Ni lazima pia kujua karatasi inalala wapi. Katika utaratibu huo wa mafundi, fedha huingia katika akaunti ya shule, na kamati hukaa hapo shuleni. Hati nyingi ziko kwa mwalimu mkuu, huku halmashauri ikibaki na taarifa za jumla na idhini za mhandisi. Anayeandika kwa Mkurugenzi peke yake aweza kujibiwa kwa ukweli kabisa kwamba ofisi haina vocha hizo. Kenya imeliona tatizo hili: ofisi iliyopokea ombi la taarifa iliyoko kwingine inapaswa kulihamishia huko ndani ya siku tano. Tanzania, andika kwa Mkurugenzi, na nakala kwa mwalimu mkuu na mtendaji wa kata.

Barua ipelekwe masijala ikiwa na nakala ya pili, na nakala hiyo irudi na mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila mhuri huo siku za kungojea hazina mwanzo. Jibu likiwa kukataliwa, liombwe kwa maandishi na sababu zake, maana rufaa hukatwa juu ya sababu. Tanzania mwombaji huanza kwa mkuu wa taasisi, kisha Waziri. Kenya huenda Tume ya Haki ya Utawala.

Pingamizi linalotarajiwa ni faragha. Lizibe mapema ndani ya ombi lenyewe: sema kwamba namba za simu na za akaunti za benki za mafundi zinaweza kufutwa, ilimradi majina, tarehe na kiasi cha fedha vibaki.

Sheria ya Tanzania pia inamtia hatiani anayepotosha taarifa aliyopewa na mamlaka. Kwa hiyo desturi ya Rajasthan ya kusoma mstari baada ya mstari, bila kuongeza chumvi, ni kinga. Soma kilichoandikwa: mifuko ya saruji mingapi, tarehe ipi, nani alipokea. Kisha mwache aliyepokea aseme.

Pa kusomea papo. Vijiji vya Tanzania vina mkutano mkuu unaotakiwa kufanyika kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi husomwa hapo. Tatizo ni kile kinachosomwa: jumla. Milioni kadhaa zimeingia, milioni kadhaa zimetoka, makofi, agenda inayofuata. Hakuna mwanakijiji anayeweza kuipinga jumla, kwa kuwa hakuna aliyeishuhudia. Anachoweza kupinga ni tripu tatu za mchanga zinazodaiwa kushushwa Jumanne ambayo yeye alikuwa hapo hapo anafyatua tofali.

Kwa anayeanza, basi, mradi mmoja, mwaka mmoja wa fedha na hati tatu zinatosha: ya malipo, ya mapokezi na ya vipimo. Ombi la kurasa kumi linaloitaka halmashauri ieleze matumizi yake yote huipa ofisi sababu ya kuchelewa, na hata likijibiwa, mwombaji hana shahidi wa kila mstari. Ombi dogo lina mashahidi wake hapo hapo kijijini, na mashahidi wa namna hiyo ndio waliofanya vikao vya Rajasthan visipuuzike.