Okidi Inayodai Baridi Yake

Mimea mingi ya bustani hununuliwa ikiwa imeshachanua. Okidi ya kiatu hununuliwa ikiwa haina hata jani. Mwezi wa kumi, bustani za kaskazini mwa Uingereza zinapoanza kunyauka, mkulima hufungua kifuko cha plastiki kilichojaa jasho kwa ndani, akatoa kitu ambacho asiyejua angekitupa jaani: kipande cha shina la chini ya udongo, kimezungukwa na mizizi myembamba ya hudhurungi, na juu yake yamechomoza macho mawili au matatu yaliyochongoka, meupe, yenye wekundu kidogo kwenye ncha. Ndani ya kila jicho lililokomaa, ua la mwaka ujao limeshaundwa. Kazi iliyobaki ni kutoliharibu, na kazi hiyo si ndogo.

Nazungumzia okidi za jenasi ya Cypripedium. Wazungu waliziita viatu vya bibi kwa sababu petali moja ya ua imevimba ikawa kifuko chenye umbo la ncha ya kiatu. Zipo spishi zipatazo 50, karibu zote za nchi zenye majira ya baridi: Ulaya, Amerika ya Kaskazini, na zaidi ya kote China. Wakenya walioko Minnesota huenda wanaijua mojawapo bila kujua wanaijua, kwani Cypripedium reginae, ya rangi nyeupe na waridi, ndilo ua rasmi la jimbo hilo tangu 1902, na kuanzia 1925 sheria inakataza kulichuma. Kwetu Afrika Mashariki hazipo.

Bustani niliyojifunzia kuzitazama ni ya mama mmoja mstaafu huko Yorkshire. Kitalu chake kiko upande wa kaskazini wa nyumba, mahali ambapo jua hufika asubuhi likaondoka mapema. Watu husikia neno kivuli wakadhani giza. Okidi hizi zinataka mwanga mwingi bila kuchomwa, na mizizi inayokaa kwenye ubaridi hata kiangazi. Kupanda chini ya mti mkubwa huonekana ni jambo la akili, kumbe mizizi ya mti hunywa maji yote kabla ya okidi kupata tone. Ukuta wa nyumba hutoa kivuli na hauna kiu.

Nilimwona akipanda. Hakuchimba shimo refu. Alichimba pana, la kina kifupi, kwa sababu mizizi hii hutambaa kwenda pembeni badala ya kushuka. Udongo wa pale aliuondoa karibu wote. Mahali pake akaweka kokoto ndogo, vipande vya lile jiwe jepesi la volkano ambalo kwetu tunasugulia visigino, mboji kidogo ya majani yaliyooza, na chembechembe za mawe ya chokaa, kwa kuwa okidi ya manjano ya Ulaya, Cypripedium calceolus, huota kwenye nchi ya chokaa. Samadi hakuigusa. Katikati akajenga kijilima, akaliketisha shina juu yake, akaanza kuitandaza mizizi mmoja mmoja kuelekea pande zote. Kila mzizi aliusindikiza kwa kidole mpaka ulipolala, kisha akaudondoshea mchanganyiko, akahamia wa pili. Mzizi ukivunjika mahali hapo haurefuki tena, ndiyo maana hakukubali kuzungumza nami wakati huo. Mwisho alifunika macho kwa udongo usiozidi sentimita 3. Yakizama zaidi huoza. Yakiachwa wazi hukauka.

Baada ya hapo inakuja sehemu ambayo mtu wa pwani ataicheka: mmea unataka friji. Miezi miwili au mitatu ya baridi iliyo chini ya nyuzi 5 hivi ndiyo inayolifungua jicho. Bila baridi hiyo jicho hubaki limelala, na mmea hudhoofika mpaka ukafa. Wapo wakulima wa nchi zenye joto wanaoifunga mizizi kwa kuvumwani, wakaiweka kwenye friji la jikoni hadi msimu uishe. Inawezekana, ila kwa maoni yangu huko si kulima tena, ni kuuguza.

Hatari kubwa huja majira ya kuchipua. Machipukizi hutokeza mwezi wa nne, manene na laini, na konokono wasio na gamba huyapenda kuliko kitu kingine chochote bustanini. Chipukizi likitafunwa ncha, kwa kawaida mmea hautoi jingine mwaka huo; unasubiri mwakani, ukiwa umedhoofu. Kwa hiyo mama yule hutoka usiku na tochi, anainama, anaokota. Taarifa ya hali ya hewa ikitaja jalidi, hufunika kila chipukizi kwa chungu cha maua kilichogeuzwa, na alfajiri huvifunua vyote. Maji humwagilia asubuhi tu, pembeni, yasije yakatuama katikati ya majani yanayofunguka na kuleta ugonjwa wa kuoza.

Halafu ua la calceolus. Petali ndefu za rangi ya zambarau iliyoiva zimejisokota pembeni, na katikati kuna kile kifuko cha manjano ya kung'aa. Kifuko hicho ni dema. Nyuki mdogo wa porini huvutwa na rangi na harufu, anatua ukingoni, na kwa kuwa ukingo umejikunja kwa ndani na unateleza, anatumbukia. Asali hakuna. Kurudi alikoingilia hawezi. Njia pekee ni ukutani kwa nyuma, ambako kuna vinyweleo vya kukanyagia na sehemu za kifuko zinazopitisha mwanga, zinazomfanya aamini kwamba huko ndiko nje. Njia hiyo inabana. Humpitisha kwanza chini ya sehemu inayopokea chavua, ndipo akwaruze mgongo kwenye mojawapo ya vichwa viwili vya chavua vilivyoko mlangoni. Anatoka amepakwa uji wa manjano na hajalipwa kitu. Akidanganyika mara ya pili kwenye ua jingine, huacha mzigo ule mahali panapotakiwa. Nyuki wengi, inaelekea, hawarudii, maana maua mengi hayafungi tunda. Ndipo wakulima wanaotaka mbegu wanapofanya kazi ya nyuki kwa kijiti cha meno.

Na hapa ufundi unahamia kwenye chupa. Tunda moja lina maelfu ya mbegu, lakini kila mbegu ni vumbi lisilo na akiba ya chakula. Porini huota pale tu inapokutana na fangasi fulani wa udongoni wanaoilisha. Mfaransa Noël Bernard aligundua uhusiano wa okidi na fangasi mwaka 1899, na mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson akaonyesha kwamba mbegu za okidi zinaweza kuota bila fangasi, zikipewa sukari kwenye jeli ya mwani. Kwa okidi za kiatu haikuwa rahisi hivyo. Msweden Svante Malmgren ni miongoni mwa waliofungua njia: aliwalisha watoto hawa asidi za amino zilizotengenezwa kwa ajili ya dripu za hospitali, na ndani yake akatia maji ya nanasi.

Tunda huchumwa likiwa bado bichi, kabla ganda la mbegu halijawa gumu na kukataa maji. Huoshwa kwa jiki, hupasuliwa mahali pasipo na vijidudu, mbegu hutandazwa kwenye jeli, na chupa huwekwa gizani kwa miezi. Kinachotokea kwanza ni vidonge vidogo vyeupe, visivyo na mzizi wala jani. Mizizi ikishaota, chupa huingizwa kwenye friji miezi mitatu ili ipate baridi yake ya kwanza. Mche ukitoka humo kwenda udongoni, maua yatachukua miaka mingine mitatu, minne au mitano.

Nchini Uingereza ujuzi huu uliokoa spishi nzima. Calceolus ilikuwa imechumwa na kung'olewa kwa ajili ya bustani na makusanyo ya watu, hata mwaka 1917 ikatangazwa kuwa imetoweka. Mwaka 1930 ukapatikana mmea mmoja huko Yorkshire Dales. Mahali pake pakafanywa siri na pakalindwa kila msimu wa maua kwa miongo ya miaka. Wataalamu wa bustani ya mimea ya Kew walianza kuotesha mbegu zake miaka ya 1980, miche ikarudishwa porini kuanzia 1989, na wa kwanza kati ya hiyo ukachanua mwaka 2000. Nikisoma hayo huiwaza Kitulo, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambako viazi vya okidi vya porini vimechimbwa miaka mingi vikasafirishwa Zambia kwenda kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Okidi zile ni za jenasi nyingine, lakini mbegu zake ni vumbi lilelile linalosubiri fangasi.

Kwa anayeanza, kuna chotara kama 'Gisela', zinazovumilia makosa na kuongezeka haraka. Mama yule anazo, tena zimejaa, na wageni huzipiga picha. Yeye hukaa zaidi na miche mitatu ya calceolus iliyotoka chupani, ambayo haijawahi kuchanua. Shina linalotoa ua huwa na majani matatu au zaidi. Miche yake mwaka jana ilikuwa na mawili mawili. Mwaka huu mmoja umefikisha matatu, na ndio pekee uliowekewa kibao chenye jina.